AFYA YETU: JOKOFU LA CHANJO NDANI YA GARI

Wengi wanaoliona gari la huduma ya mkoba likipanda kwenda Mtae, Rangwi au Mlalo huuliza: chanjo zinakaaje na ubaridi wake siku mbili mahali pasipo na umeme? Mwezi huu tueleze jambo hilo, maana uhai wa watoto wetu umo humo.

Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto likizidi, chanjo za surua, polio na kifua kikuu hupoteza nguvu, na kuzipoza tena hakuzirudishii nguvu hiyo. Chanjo za pepopunda, dondakoo, kifaduro na homa ya ini, kwa upande wake, huharibika zikiganda. Mara nyingi macho hayaoni tofauti. Mama huondoka akiamini mtoto amekingwa, kumbe hana kinga.

Gari letu huanzia joto la Mombo na kupanda hadi Lushoto, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Sanduku la barafu hutosha safari fupi. Kwa safari ya kulala huko, jokofu dogo la umeme wa betri hufaa, mradi liwe la aina iliyoidhinishwa kwa chanjo.

Kwa nini betri mbili?
Jokofu likinyonya betri ya kuwashia gari usiku kucha, asubuhi gari haliwaki. Na gari hilohilo ndilo humkimbiza hospitali mama aliyeshindwa kujifungua. Kwa hiyo betri ya kwanza huachiwa kazi ya kuwasha gari, na ya pili hulisha jokofu. Kati yake hufungwa rilei: injini ikiunguruma, huziunganisha ili zote zichajiwe, injini ikizimwa, huzitenganisha. Magari mapya mengi huhitaji chaja maalumu badala ya rilei. Fundi atumie waya nene, na fyuzi karibu na kila betri, ili waya ukichunika gari lisiungue. Betri ya maji isiwekwe ndani wanapokaa watu, kwa sababu hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Hesabu yake
Tuseme jokofu hutumia ampea 4 linapofanya kazi, na hufanya kazi nusu ya muda. Wastani ni ampea 2 kwa saa nzima. Betri ya ampea-saa 100 isitumiwe zaidi ya nusu, yaani 50, isije ikafa mapema. Gawanya 50 kwa 2: unapata saa 25. Kwenye joto kali jokofu hupumzika kidogo. Wastani ukifika ampea 3, muda hupungua hadi kama saa 16. Baada ya hapo injini iwashwe, au chanjo zihamishiwe kwenye sanduku la barafu.

Mambo ya kuzingatia
1. Jokofu liwashwe na kupoa kabla ya kupakia chanjo.
2. Kipimajoto kikae katikati ya chanjo, kisomwe na kuandikwa asubuhi na jioni, na kila tunapofika kituoni.
3. Chanjo zisigusane na ukuta unaogandisha.
4. Vifuko vya barafu vilivyotoka kwenye friza visubiriwe hadi ukivitikisa usikie maji ndani, ndipo viwekwe sandukuni.
5. Tazama alama ya chupa: mraba wa ndani ukifanana rangi na duara lake, au ukiwa mweusi zaidi, chanjo hiyo isitumiwe.
6. Soda na nyama zisiwekwe humo. Kila kufungua kifuniko ni kuingiza joto.

Wazazi, msione haya kumwuliza mhudumu kama kipimajoto kimesomwa leo. Leteni watoto na kadi zao siku iliyotangazwa, mapema. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na chupa yake ikishachanganywa haivuki saa 6. Mkichelewa, betri haiwezi kuwasubiri.