Methanoli: Ardhi Huimudu, Mwili Hauimudu

Mwezi huu tuzungumzie methanoli, alkoholi ya viwandani inayotumika kuyeyushia rangi na vanishi. Haina rangi, na harufu yake inakaribiana na ya pombe kali. Hatari inaanzia hapo.

IKIMWAGIKA INAKWENDA WAPI?
Sehemu yake hugeuka mvuke upesi na kupotelea hewani. Iliyobaki huingia ardhini. Kwa kuwa huchanganyika kabisa na maji wala hainati kwenye udongo, inaweza kufuata maji hadi kisimani. Lakini ardhini na majini wamo bakteria ambao kwao methanoli ni chakula. Huigeuza kuwa fomaldehaidi, ile iliyomo katika fomalini ya kuhifadhia maiti. Kisha kuwa asidi ya fomiki, inayopatikana pia kwa majimoto, wale chungu wa miembeni. Na mwishowe kuwa kaboni dioksaidi na maji. Kiasi kidogo huisha katika siku chache. Ikimwagika nyingi mahali pamoja, huwaua bakteria hao. Au majini wao humaliza oksijeni, samaki wakakosa hewa.

MWILINI JE?
Ini hufuata njia ile ile, lakini kazi hukwama kwenye asidi. Asidi hujaa damuni na kuharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka.

TUFANYE NINI?
1. Ikimwagika, tuzime moto wote na kufungua madirisha. Mchana ndimi zake za moto karibu hazionekani.
2. Tusiimwage karibu na kisima au mto.
3. Dumu lililobeba methanoli lisitiwe maji ya kunywa wala mafuta ya kula, hata likioshwa.
4. Tusinywe pombe tusiyojua ilikotoka. Kuionja au kuinusa hakutoshi kuitambua.
5. Aliyekunywa huweza kuamka akidhani amepona. Baada ya saa 12 hadi 24 huanza kuumwa kichwa na tumbo, kutapika, na kuona ukungu. Tusimwache alale tukisema ni uchovu wa pombe. Tumkimbize hospitali, na tueleze bila aibu alichokunywa. Dawa ya kuzuia ini lisitengeneze asidi ipo, ila macho yakishaharibika, mara nyingi hayarudi.