Rais Mgeni Akivuka Kilambo, Nani Amkamate?

Chukulia hivi. Rais wa nchi fulani, anayetuhumiwa kuua raia wake kwa maelfu, anavuka Ruvuma pale Kilambo (tuseme maji yamejaa na kivuko kinafanya kazi) na kuja kutembea Mtwara. Je, Mahakama Kuu yetu pale mjini inaweza kumshtaki? Ukiuliza bwenini utajibiwa haraka: "Huyo ni rais, ana kinga." Mwingine atasema hiyo ni kazi ya The Hague. Yote mawili ni ukweli nusu nusu, na sisi tunaokwenda kufundisha Uraia inafaa tujue nusu iliyobaki.

Tuanze na majirani. Tarehe 27 Agosti 2010 Kenya ilizindua katiba mpya Uhuru Park. Kati ya wageni alikuwepo Omar al-Bashir wa Sudan, ambaye tayari alikuwa na hati mbili za kukamatwa kutoka Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, kwa ajili ya Darfur. Sherehe ikaisha, akaondoka zake. Tawi la Kenya la Tume ya Kimataifa ya Wanasheria likaenda mahakamani, na tarehe 28 Novemba 2011 Jaji Nicholas Ombija akaagiza kwamba Bashir akikanyaga tena Kenya, akamatwe. Khartoum ikawaka, balozi wa Kenya akapewa saa 72 aondoke. Serikali ya Kenya ikakata rufaa, lakini Februari 2018 Mahakama ya Rufani nayo ikasema Kenya ilikuwa na wajibu wa kumkamata.

Jaji yule alipata wapi nguvu? Ujasiri peke yake hautoshi, jamani. Bunge la Kenya lilikuwa limeshatunga Sheria ya Makosa ya Kimataifa mwaka 2008, na Mkataba wa Roma unasema cheo si kinga mbele ya ICC. Ila hapo Kenya ilitakiwa kumkamata na kumkabidhi tu. Kumhukumu yenyewe ingekuwa habari nyingine.

Maana kinga ziko mbili. Moja inamfuata mwenye cheo: rais, waziri mkuu au waziri wa mambo ya nje aliye madarakani hashtakiwi katika mahakama za nchi nyingine. Ndivyo Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilivyoamua tarehe 14 Februari 2002, baada ya Ubelgiji kutoa hati dhidi ya Yerodia Ndombasi, waziri wa mambo ya nje wa Kongo. Ya pili inalinda matendo ya kiserikali hata mtu akishastaafu. Hii ndiyo inayobishaniwa, na mimi niko na wanaouliza: tangu lini kutesa watu ikawa kazi ya serikali?

Hissène Habré aliitawala Chad 1982 hadi 1990, kisha akakimbilia Dakar. Waathirika wakamfungulia mashtaka hapo hapo mwaka 2000. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya Senegal ikasema haina mamlaka juu ya mateso yaliyofanywa na mgeni nje ya nchi. Ushahidi ulikuwepo, kilichokosekana ni kifungu. Ilibidi sheria zibadilishwe, na Senegal ikubaliane na Umoja wa Afrika kuunda mahakama maalumu. Hukumu ya kifungo cha maisha ilitoka tarehe 30 Mei 2016. Miaka 16, yaani mtoto anazaliwa mpaka anafika sekondari.

Sasa sisi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002, lakini kwa mfumo wetu mkataba hauwi sheria mahakamani mpaka Bunge litunge. Kenya walitunga 2008, Uganda 2010. Sisi bado. Kwa hiyo yule mgeni wetu, hata akiwa rais mstaafu, wakili wake atasimama tu na kuuliza: "Mheshimiwa Jaji, mteja wangu anashtakiwa kwa kifungu kipi?"

Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda, ng'ambo ya mto, na miaka iliyofuata Wamakonde wengi wakavuka kuja huku. Salazar, aliyekuwa akiitawala Ureno, alifariki mwaka 1970 bila kusimama kizimbani. Likitokea kama lile leo, walionusurika tutawapokea kama wazee wetu walivyowapokea wale. Maelezo yao tutayaandika. Kesi yao ndiyo hatuna kifungu cha kuifungulia.