SOMO LA WIKI: Kukodi seva hakumwondoi msimamizi wa kompyuta

MFANYABIASHARA anayeacha kununua seva na kukodi nafasi kwenye mitambo ya kampuni kubwa, huduma inayojulikana kama "wingu", hudhani ameokoa pia mshahara wa msimamizi wa kompyuta. Hesabu hiyo ina kasoro.

Kabla ya Amazon kuanza kukodisha huduma hiyo mwaka 2006, msimamizi alikuwa mtu wa chumba cha seva. Alivuta nyaya, alibadilisha diski zilizokufa na kuangalia kiyoyozi na jenereta. Siku hizi kazi hizo ni za mwenye mitambo. Mteja amebakiwa na tatu: kuamua nani ashike maneno ya siri, kukagua ankara ya kila mwezi na kutunza nakala za kumbukumbu.

Kazi hiyo ya tatu ilipimwa Mei 2024 nchini Australia. UniSuper, mfuko wa pensheni wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulikuwa umepanga kwa Google Cloud. Wakati wa kuandaa huduma hiyo, watumishi wa Google waliacha wazi kipengele kimoja. Matokeo yake, mwaka mmoja ulipokwisha mitambo ilijifuta yenyewe. Mfuko ulikuwa umekodi maeneo mawili ili moja likianguka jingine lishike, lakini yote mawili yalifutwa kwa pamoja. Kwa takriban wiki nzima wanachama hawakuweza kuingia kwenye akaunti zao.

Hata hivyo, fedha za wanachama hazikupotea. UniSuper ilikuwa na nakala nyingine kwa mtoa huduma wa pili, nazo zilisaidia mafundi wa pande zote mbili kurejesha mitambo. Gharama ya nakala hizo ni aina ya matumizi ambayo mhasibu hupenda kuyafyeka kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hisa za kampuni inayotumia wingu, au kuhamishia huko hesabu za stoo na orodha ya wadeni, inafaa kuuliza maswali matatu. Nakala za akiba ziko kwa nani? Lini zilijaribiwa kurejeshwa? Nani anawajibika zikikosekana?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lililowekwa lote kwa mtu mmoja, hata awe tajiri kiasi gani, linahitaji mlinzi wa upande wa mwenye mali.