Shemeji Anasema Uligawa Kura

Mdogo wangu wa Mkuyuni, barua yako nimeisoma na kuirudia, na nimeona nikujibu hapa hadharani kwa sababu hauko peke yako. Unasema mwaka 2015 ulimpigia kura ya urais mama Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo. Ukamwambia dada yako kwa siri, dada akamwambia mumewe, na tangu siku hiyo shemeji anakuita msaliti. Juzi kwenye arobaini ya mzee wenu kule Igoma ulimmiminia chai, akaisukuma pembeni mbele za watu na kusema hanywi chai ya CCM B, yaani ya kibaraka wa CCM. Unauliza: je, ni kweli nyie wa vyama vidogo ndio mliomwangusha Lowassa, mgombea wa CHADEMA na muungano wa vyama vya upinzani, UKAWA?

Tuanze na hesabu. Kwa matokeo yaliyotangazwa na Tume ya Uchaguzi, Magufuli wa chama tawala, CCM, alipata kura 8,882,935 na Lowassa 6,072,848. Pengo hapo ni zaidi ya milioni 2.8. Mama Mghwira alipata 98,763. Zichukue zote umpe Lowassa, uongeze za Yemba wa ADC, za Rungwe wa CHAUMMA na za wale watatu wa mwisho, na bado hujafika laki mbili na nusu. Shemeji atakujibu kwamba matokeo yenyewe hayatambui, na ni kweli hata Lowassa aliyakataa, tena hakuwa na pa kwenda kwa kuwa Katiba yetu ilifunga mlango wa mahakama kwa matokeo ya urais. Sawa. Lakini hapo ameshabadilisha mashtaka. Kama kura ziliibwa, aliyeziiba si wewe. Na kama hazikuibwa, zako hazikutosha. Achague moja.

Kuna watu wengine ambao hakuna anayewanunia. Mwaka huo waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 23, waliopiga kura ni kama milioni 15 na nusu. Mwaka 2010 ilikuwa mbaya zaidi, kati ya watu milioni 20 walioandikishwa waliojitokeza ni asilimia 43 hivi. Dkt. Slaa wa CHADEMA alipata asilimia 27 na Profesa Lipumba wa CUF 8, na vijiweni wakasema Lipumba kagawa kura, wakati jumla yao ni 35 dhidi ya karibu 63 za Kikwete. Zaidi ya nusu ya walioandikishwa hawakwenda vituoni kabisa. Mimi ningekuwa mwenyekiti wa chama kilichoshindwa, ningewatafuta hao mlango kwa mlango kabla sijamgusa mtu mmoja aliyepanga foleni juani akamchagua mwenzangu.

Sasa nije kwenye sababu uliyoiandika ukurasa wa pili, maana ndiyo iliyonigusa zaidi. Unasema ulikuwa CHADEMA tangu ukiwa mwanafunzi Malimbe. Ulisikia habari za Mwembeyanga, Septemba 2007, Dkt. Slaa alipowataja hadharani watu aliowaita mafisadi, na jina la Lowassa likiwamo. Februari 2008 ukasikiliza redioni Lowassa akijiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Halafu Julai 2015 mtu huyohuyo anakabidhiwa kadi, na muda si mrefu ndiye mgombea. Siku zile hata Dkt. Slaa mwenyewe alijiondoa, na Profesa Lipumba akaacha uenyekiti wa CUF. Kama viongozi waliokufundisha hoja hiyo walishindwa kuimeza, wewe ulipaswa kuimeza kwa lipi? Wapo walioona kwamba kuing'oa CCM ni jambo kubwa kuliko jina la mgombea, na siwabezi, walikuwa mamilioni na walikuwa na sababu zao. Lakini kura yako haikuwa mali ya UKAWA ambayo uliitoroka nayo. Ilikuwa yako. Chama kilikuja kuiomba kikiwa na mgombea usiyemwamini, na hukukipa. Hapo usaliti uko wapi?

Shemeji atakutajia kwamba Juni 2017 Rais Magufuli alimteua mama Mghwira kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, na kwa hiyo alikuwa pandikizi tangu mwanzo. Mama ameshatangulia mbele ya haki, mwache apumzike. Wewe mkumbushe tu kwa adabu kwamba Lowassa naye alirudi CCM Machi 2019. Mtatiro wa CUF alihamia huko 2018. Na hapahapa kwetu Nyamagana, Mwanza, Lawrence Masha alikuwa mbunge wa CCM, akaangushwa na Wenje wa CHADEMA 2010, akaja CHADEMA 2015, kisha akarudi alikotoka. Wanasiasa wanahama na kurudi na kupokelewa kwa vigelegele, halafu mwananchi aliyetia tiki yake mara moja anabeba jina la msaliti zaidi ya miaka kumi. Hilo silikubali.

Na Nyamagana yenyewe? Mwaka 2015 kiti kilirudi CCM kwa Stanslaus Mabula, na Ilemela vilevile kikatoka kwa Kiwia kikaenda kwa Angelina Mabula. Mwaka ule Kanda ya Ziwa ilikuwa na mtoto wake kwenye karatasi ya urais, Magufuli wa Chato, aliyesimama jukwaani na kuongea Kisukuma. Waliokuwa Mwanza siku zile wanajua uzito wa jambo hilo. Kuuacha uzito huo na kwenda kuchokonoa vikura vya ACT vya Mkuyuni ni kukataa kuangalia kilichotokea.

Lakini mdogo wangu, sitaki nikupake mafuta. Kugawana kura kupo na kunaumiza. Jimbo la Segerea, Dar es Salaam, mwaka huohuo 2015, UKAWA walishindwa kuachiana. CHADEMA wakamsimamisha Anatropia Theonest, CUF wakamsimamisha Mtatiro, na Bonnah Kaluwa wa CCM akapita katikati yao. Kenya 1992 ni somo kubwa zaidi. Chama cha upinzani cha FORD kilipasuka vipande viwili, Matiba huku na Jaramogi kule, Kibaki naye na chama chake, na Moi akabaki Ikulu kwa asilimia 36 wakati hao watatu kwa pamoja walizidi 60. Wapinzani walipokuja kuungana chini ya NARC mwaka 2002, Kibaki alishinda kwa asilimia 62. Hata Marekani, mwaka 2000, Bush alichukua jimbo la Florida kwa kura 537 tu, wakati Ralph Nader alikuwa na zaidi ya 97,000 humo, na mpaka leo wapo Wamarekani wasiomsamehe Nader.

Angalia sasa nani alifanya nini. Segerea majina mawili yaliwekwa na viongozi waliokaa mezani wakashindwa kukubaliana. Kenya waliopasua FORD ni wakubwa waliotaka kila mmoja awe yeye. Mpiga kura alikuta karatasi imeshachapishwa. Mimi ndiyo maana nasema lawama ianze juu, kwa waliokuwa na uwezo wa kuachiana na hawakuachiana.

Na ianzie pia kwenye kanuni. Zamani Katiba yetu ilitaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura. Mabadiliko ya mwaka 2000 yakaondoa sharti hilo, sasa anayeongoza kwa kura moja ameshinda. Wakenya walifanya kinyume: katiba yao ya 2010 inadai zaidi ya nusu, la sivyo wawili wa juu warudiane. Malawi, Mutharika aliingia Ikulu 2014 kwa asilimia 36, mahakama ikafuta uchaguzi wa 2019 na kusema walio wengi maana yake ni zaidi ya nusu. Wapinzani wakaungana, na Juni 2020 Chakwera akapita kwa zaidi ya asilimia 58. Penye duru ya pili, mtu kama wewe unampigia umpendaye kwanza, kisha unachagua kati ya wawili waliobaki, na hakuna shemeji wa kukununia. Hii ni hoja ya kudai kwenye katiba mpya, na shemeji wako angepaswa kuwa mstari wa mbele kuidai pamoja na wewe.

Kwa udiwani na mtaa nakushauri tofauti kidogo. Huko tofauti huwa ya kura chache, mia mbili, hamsini, wakati mwingine chini ya hapo. Kabla hujaamua, ulizia kata yenu ilikwendaje mara iliyopita, watu gani wana uwezo wa kushinda, na kati yao yupi utaweza kumfuata kuhusu mtaro na taka. Ukiona wa chama chako hana nafasi, na kati ya wale wawili wakubwa yupo mmoja ambaye kweli humtaki, kumpa mwingine si dhambi. Ukiona wote wawili kwako ni sawa, basi mpe wako kwa roho safi. Nimewasikia wanawake wa Igogo wakibishana mambo haya wakianika dagaa, jina kwa jina, kwa hesabu nzuri kuliko nyingi ninazozisikia redioni.

Najua wengine mtaniuliza haya yote yana faida gani baada ya Oktoba 2025, ambapo CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi na mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alienguliwa. Siku ya uchaguzi damu ilimwagika, na Mwanza pia tulizika. Siwezi kumwambia mtu aliyefiwa akae ahesabu asilimia. Ninachosema ni kwamba mwaka ule hata kisingizio cha kugawana kura hakikuwapo, na bado watu wanaendelea kuumbuana wao kwa wao majumbani kwa tiki za 2015.

Kuhusu shemeji, usimjibu kwenye kundi la WhatsApp la familia. Huko atajibu kwa ajili ya watazamaji. Mpigie, au mngoje akiwa peke yake, umwamkie kama ulivyomwamkia siku zote. Mwambie ile chai ya Igoma ilikuuma, kwa sababu ilikuwa arobaini ya baba yenu na wewe ulikuwa mfiwa. Anza na hilo, siasa baadaye. Akitaka hesabu, unazo hapo juu. Na dada yako naye mwambie, taratibu, kwamba siri ya kura yako uliyompa hakuwa na ruhusa ya kuitoa.