Tupunguze Karatasi, Tusipunguze Taarifa



Somo la robo hii linahusu barua na taarifa tunazowatumia. Tunahimiza sharika kupanda miti, nasi ofisini tunatumia karatasi bila hesabu. Karatasi ni mti. Hapa nchini, kiwanda cha Mgololo, Mufindi, hutengeneza karatasi ngumu kwa misonobari ya Sao Hill. Kazi hiyo hutumia maji na nishati nyingi, na safari ya kufika Kigoma ni ndefu.

Tupige hesabu

Karatasi moja ya kawaida ya A4 ina uzito wa gramu 5. Taarifa ya kurasa 12 kwa sharika 40, ikichapwa upande mmoja, ni karatasi 480, karibu rimu nzima. Ikichapwa pande mbili ni 240, na kila nakala hushuka kutoka gramu 60 hadi 30. Posta hutoza kwa uzito, hivyo gharama nayo hupungua.

Tulipokosea

Mwaka jana tulichapa nakala zote kabla mhazini hajazipitia. Jumla moja ilikosewa, tukachapa upya. Robo iliyofuata tukatuma barua pepe tu. Kamati mbili zisizo na intaneti hazikujua tarehe ya kurejesha hesabu, na fedha za miradi yao zikachelewa. Tulijifunza kuwa kuokoa karatasi kwa kumnyima mtu taarifa si kuokoa.

Hatua tulizokubaliana

1. Mhazini na katibu wapitie rasimu moja kabla ya kuchapa.
2. Tuchape pande zote mbili.
3. Karatasi zilizotumika upande mmoja ziwe za rasimu, isipokuwa zenye siri za watu.
4. Barua za usharika mmoja ziwekwe katika bahasha moja, apewe mjumbe anayerudi kutoka kikaoni.
5. Bahasha kubwa zitumike tena kwa kubandika anwani mpya.
6. Mikataba na stakabadhi zibaki kwenye karatasi kwa ajili ya mkaguzi.

Maswali ya kujadili

Katika kamati yenu, nani husoma barua pepe, na nani huhitaji nakala mkononi? Nakala ikishasomwa, huhifadhiwa wapi?

Tuleteeni majibu kabla ya robo ijayo. Nanyi wahisani, tuambieni mngependa kupokea taarifa kwa njia ipi.