Kwa Nini Vijana Hupelekwa Milimani

Baadhi ya wazazi wametuuliza: ya nini kumpeleka kijana kambini akapande milima, ilhali nyumbani ana kitanda chake? Tuanze na chanzo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nyambizi za Kijerumani zilizamisha meli nyingi za Uingereza. Mmoja wa wenye meli, Lawrence Holt, aliona jambo la kushangaza: katika mashua za kuokolea, mabaharia vijana wenye nguvu zao walikata tamaa na kufa kabla ya wazee. Wazee walikwisha kuzoea shida. Ndipo yeye na mwalimu Kurt Hahn, aliyekuwa ameihama Ujerumani, wakaanzisha chuo cha Outward Bound huko Aberdovey, Wales, mwaka 1941. Vijana walikaa bwenini karibu mwezi mmoja, wakiendesha mashua, wakisoma ramani na dira, wakitembea milimani.

Katika miaka ya 1950 chuo kama hicho kilifunguliwa Loitokitok, Kenya, chini ya Kilimanjaro. Mlima huo una somo ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko kufika kileleni. Kule juu hewa ni nyepesi. Kichwa huuma, mtu hutapika. Kijana huficha asije akachekwa na wenzake, na kuficha huko kwaweza kumwua. Kwa hiyo hufundishwa kusema mapema, "Naumwa." Naye kiongozi humteremsha, hata kama kilele kinaonekana.