Batri ya Ordinatere Nyumbani

Wanafunzi wenzetu, hapa Uvira umeme ukikatika jioni, batri ndiyo inatubakizia saa mbili tatu za kuandika. Tujue basi namna ya kuitunza.

Wengi wanasema: iache iishe kabisa, halafu ijaze kabisa. Shauri hilo lilifaa batri za zamani za nikeli na kadimi. Za leo ni za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 1991, na kuisha kabisa kunaziumiza. Afadhali tuchomeke kwenye prizi zikibaki 20 kwa mia, tuchomoe kwenye 80. Lakini siku tunayojua umeme utakosa, tujaze yote. Masomo ni mbele kuliko batri.

Adui mkubwa ni joto. Batri iliyojaa, ikilala mwaka mzima penye joto la digri 40, inabaki na nguvu kadiri ya 65 kwa mia. Ikiwa na 40 kwa mia tu, penye digri 25, inabaki na 96 hivi. Na sisi je? Mashini iko juu ya godoro, matundu ya hewa yamezibwa! Iwekwe juu ya meza ao ubao, mbali na jua.

Kobalti ya batri nyingi inatoka Kolwezi, humu inchini mwetu, lakini batri mpya inatufikia kwa bei kali.

Umeme ukirudi, tungoje kidogo kabla ya kuchomeka, maana unaweza kuja na nguvu nyingi na kuunguza chaja. Wakati wa likizo kubwa, tuache batri nusu, mashini imezimwa, penye baridi.